Maswali ya wasomaji: Mashine zimeongezeka, mikate ni ileile

SWALI: Nina kiwanda kidogo cha mikate. Tanuri langu linabeba makopo 120, mikate inaiva kwa dakika 35, na tunafanya kazi saa 10 kwa siku. Nilinunua mashine ya pili ya kukandia nikitegemea mikate itaongezeka, lakini haujaongezeka hata mmoja. Tena siku hizi madonge yanaumuka kupita kiasi na mikate inabonyea katikati. Nimekosea wapi?
*Mwoka mikate, Morogoro*

JIBU: Umeongeza nguvu mahali ambapo hapakuwa na upungufu. Kazi yoyote yenye hatua nyingi ina hatua moja iliyo ya polepole kuliko nyingine zote, na hiyo ndiyo inayoamua utatoa kiasi gani. Kwako ni tanuri. Tuchukulie kwamba kutoa mikate iliyoiva na kuingiza mibichi kunakula dakika 10, kama ilivyo katika viwanda vingi vya kiasi chako. Kila mkupuo basi ni dakika 45. Siku ina dakika 600, kwa hiyo unapata mikupuo 13, yaani mikate 1,560. Uwe na mashine moja ya kukandia au tano, tanuri halitoi zaidi ya hapo.

Sasa tazama kinachotokea mezani. Mfuko wa unga wa kilo 50, ukishatiwa lita 29 za maji pamoja na sukari, mafuta, chumvi na hamira, unatoa kinyunya cha kilo 85 hivi. Ukikata madonge ya gramu 450 ili mkate ulioiva uwe na gramu 400, unapata madonge 188. Kwa mashine mbili zinazokanda pamoja ni 376. Tanuri linachukua 120, kwa hiyo ya mwisho yanaingia kwenye mkupuo wa nne, dakika 135 baada ya yale ya kwanza. Hamira haijui foleni. Inaendelea kutoa hewa, kinyunya kinavutika mpaka kinakosa nguvu ya kujishikilia, na kikikutana na moto kinashuka.

Dawa ya kwanza ni kuacha kukanda kwa kufuata ukubwa wa mfuko. Fuata tanuri: makopo 120 yanataka kinyunya cha kilo 54, na hicho kinatoka kwenye unga wa kilo 32 hivi. Kanda kiasi hicho kila baada ya dakika 45, basi. Mkandaji atakaa bure dakika kadhaa kati ya mkando na mkando, na hilo litakuudhi. Mwache akae, au mpe kazi ya kupaka makopo mafuta. Kumlazimisha akande ili aonekane ana shughuli ndiko kulikokuletea mikate iliyobonyea.

Dawa ya pili iko kwenye zile dakika 10. Nunua seti ya pili ya makopo na rafu ya magurudumu, ili madonge yaliyokwisha kuumuka yawe yamepangwa mlangoni pa tanuri kabla ya dakika ya 35. Ukishusha dakika 10 ziwe 5, mkupuo unakuwa dakika 40, mikupuo inafika 15, na mikate 1,800. Hiyo ni mikate 240 zaidi kwa siku bila kununua tanuri. Chakula cha mchana kiliwe kwa zamu, na tanuri liwashwe mapema ili liwe na moto wa kutosha mkupuo wa kwanza unapofika. Usijaribu kuongeza moto ili mikate iive kwa dakika 30. Ganda litakuwa jekundu na ndani kutakuwa kubichi.

Jihadhari na kitu kimoja zaidi. Tanuri likikimbia, kikwazo kitahamia kwenye kupoza. Mkate ukifungwa ungali na joto unatoa jasho ndani ya mfuko na ukungu unawahi kuuingia. Upe saa mbili. Kwa mikate 180 kwa saa, unahitaji rafu za kupozea zenye nafasi ya mikate 360 kwa wakati mmoja. Zihesabu leo. Mashine ya pili ya kukandia ibaki ya akiba siku ile ya kwanza ikiharibika, au iuze.

SWALI: Duka langu la vifaa vya ujenzi linauza wastani wa mifuko 20 ya saruji kwa siku, na siku zenye wateja wengi hufika 30. Mzigo huchukua siku 3 kufika, na gari likichelewa huwa 5. Ama naishiwa, ama saruji inaganda stoo. Niagize lini, na kiasi gani?
*Muuza duka, Mwanza*

JIBU: Hayo ni maswali mawili, usiyachanganye. La lini: chukua mauzo ya siku yenye wateja wengi uzidishe kwa siku za ucheleweshaji, 30 mara 5, unapata 150. Mifuko stoo ikishuka hadi 150, piga simu siku hiyohiyo. Siku za kawaida utakuwa umebakiwa na 90 gari linapofika, na hiyo 90 ndiyo akiba yako ya tahadhari.

La kiasi gani lina kanuni ya zamani, iliyochapishwa na Ford W. Harris wa Marekani mwaka 1913. Zidisha mauzo ya mwaka kwa gharama ya kuagiza mara moja, zidisha kwa 2, gawanya kwa gharama ya kutunza mfuko mmoja mwaka mzima, kisha tafuta kipeuo cha pili. Tuseme unafungua siku 300, yaani mifuko 6,000. Gari moja ni shilingi 80,000, na kutunza mfuko (riba ya mtaji, pango, mifuko inayopasuka) ni shilingi 3,200. Jibu ni mifuko 548. Weka tarakimu zako mwenyewe, na kama unalipia usafiri kwa mfuko badala ya kwa gari, usiuhesabu kwenye gharama ya kuagiza. Wala usihangaike na zile 48 za mwisho: ukiagiza 400 au 700, gharama hizo mbili kwa pamoja zinapanda kwa asilimia 3 hadi 5 tu.

Kuganda si tatizo la hesabu, ni la stoo. Panga mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, isizidi kumi kwenda juu. Mzigo mpya usiwekwe mbele ya wa zamani. Vijana wa stoo huchukua ulio karibu na mlango, kwa hiyo ule wa nyuma unakaa mpaka unakuwa jiwe.

SWALI: Nina mafundi watatu wa cherehani. Wateja naahidi siku tano, lakini nguo zinatoka baada ya wiki mbili. Mafundi si wavivu.
*Mama Sare, Tanga*

JIBU: Mama, hesabu nguo zote ulizopokea ambazo hazijatoka, hata zile zilizo kwenye mifuko chini ya meza. Tuseme ni 60. Kama mnamaliza 6 kwa siku, nguo inayopokelewa leo itatoka baada ya siku 10 za kazi, na ukiondoa Jumapili hizo ni karibu wiki mbili. Ili ahadi ya siku tano iwe kweli, nguo zilizomo zisizidi 30. Zikifika 30, mteja mpya mwandikie tarehe ya mbele na kitambaa arudi nacho nyumbani. Januari, watoto wanaporudi shule, usiahidi siku tano kabisa.

SWALI: Nimepandishwa kuwa msimamizi wa uzalishaji na sikusomea. Nianzie wapi?
*Kijana wa kiwandani, Dar es Salaam*

JIBU: Anza na saa na daftari. Chagua bidhaa moja, fuata vipande kumi tangu malighafi mpaka vinapopakiwa, na kwa kila hatua andika safu mbili: dakika za kufanyiwa kazi na dakika za kusubiri. Safu ya pili ndiyo itakayokushtua. Ukishaijaza, nenda ofisi ya mkoa ya SIDO (Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo) ukaulizie mafunzo yao mafupi, na daftari hilo uende nalo.