Muulize Mjomba: Nina haya ya kwenda kwenye mkutano

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Makorora, Tanga, nina miaka 36. Nilianza na mnazi wa jioni, siku hizi ni gongo, na asubuhi lazima nizimue kwanza ndipo mkono utulie nishike kazi. Mke wangu amechukua watoto, yuko kwao Muheza. Rafiki yangu ameniambia ipo mikutano ya walevi wanaoacha, watu wanakaa na kuzungumza. Nataka, ila mji huu tunajuana, na nasikia hiyo mikutano ni ya kanisani, nami Mwislamu. Nimepanga nijifungie ndani wiki hii, pombe ikishanitoka mwilini ndipo niende nikiwa na sura ya mtu. Nitaipata wapi, na wataniuliza nini?
*Fundi, Makorora*

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Hilo la kujifungia ndilo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine. Usithubutu. Mtu anayezimua ili mkono utulie, mwili wake umeshaizoea pombe. Ukiikata ghafla unaweza kuloa jasho, moyo ukaenda mbio, ukaanguka kifafa au ukaona vitu visivyokuwepo, hasa siku mbili tatu za mwanzo. Watu hufa hivyo. Tangulia Bombo, hospitali ya mkoa, uwaambie kweli unakunywa kiasi gani. Ukipunguza hesabu kwa haya, na tiba nayo itapungua. Kuna dawa za kuutuliza mwili, kipimo kinashushwa siku hadi siku, na vitamini B1. Usijinunulie mwenyewe duka la mtaani.

Sasa mikutano. Hiyo unayoisikia asili yake ni Alcoholics Anonymous, AA kwa kifupi, iliyoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa na miezi mitano tu bila pombe. Shughuli iliyompeleka Akron ikaharibika, akajikuta ukumbini hotelini, baa iko pale pale inamwita. Akaenda kwenye simu kutafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaelekezwa kwa Dk. Bob Smith, daktari wa upasuaji, aliyekubali kumsikiliza dakika 15. Wakakaa zaidi ya saa sita. Daktari yule aliteleza tena mara moja, na asubuhi ya Juni 10 alikuwa na mgonjwa wa kupasua huku mikono inatetemeka. Bill akampa bia ili itulie. Ndiyo ikawa ya mwisho maishani mwake. Basi huo mkono wako unaouonea haya, daktari huyo, mmoja wa waanzilishi wawili wa AA, alikuwa nao.

Mkutano wangu wa kwanza niliukuta Mombasa, nilipokwenda kumtembelea dada. Chumba cha darasa, viti vya plastiki, watu kama tisa. Nilikaa karibu na mlango, kofia gotini, tayari kwa kukimbia. Mzee mmoja akapita na birika la chai. Wengine akawajazia mpaka juu, mimi akanitilia nusu kikombe, akaenda zake. Nikasema moyoni, hata hapa nabaguliwa! Nilipokiinua, kikombe kikaanza kucheza mkononi, wala halikumwagika tone. Ndipo nikamwelewa. Jina langu hakuliuliza.

Nawe hutaulizwa mengi. Jina moja linatosha. Ada hakuna, hupitishwa kikapu cha mchango wa chai na kodi ya chumba, mgeni akikipitisha bila kutia kitu hakuna anayemtazama. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha. Kila mtu husema yake na wengine husikiliza bila kumkatiza. Zamu ikikufikia, sema "leo nasikiliza tu".

Hukutana kanisani kwa sababu makanisa yana vyumba na viti. Hatua zao 12 humtaja Mungu, lakini kila mtu kwa anavyomjua. Swali Magharibi yako, uende. Na hilo la mji kujuana, mimi nimewahi kutoka kilabuni saa nne usiku nimeshika kiatu kimoja mkononi, mtaa mzima unanitazama, na kesho yake nikarudi. Haya hiyo ilikuwa wapi?

Mkeo usimpigie simu kumtangazia kwamba umeacha. Mwache aje akuone.

Ya kuipata: ukiwa hapo Bombo ulizia wanaohudumia afya ya akili. Uliza pia kwenye nyumba za soba wanakokaa wanaoacha dawa za kulevya; nao hukaa vikao vya namna hii. Kama una simu ya intaneti, AA wana mikutano ya mtandaoni. Mingi ni ya Kiingereza, lakini unaweza kuzima kamera ukasikiliza. Na ukikosa kote, kwa desturi ya AA walevi wawili au watatu wakikaa pamoja kwa nia ya kuacha, hicho tayari ni kikundi. Kwa hiyo kabla hujazunguka mji mzima, rudi kwa huyo rafiki yako aliyekuletea habari. Muulize yeye aliijulia wapi.