Mkuu weka chini hiyo bisibisi, HW95 haifunguliwi kwa goti na taulo

Mkuu weka chini hiyo bisibisi kwanza. Sijamaliza hata kusoma ulichoandika, nimefika tu pale unaposema "Jumamosi naifungua bunduki yangu ya upepo, HW95, mwenyewe kwa mara ya kwanza, kompresa ya springi (kile kifaa cha kuibania) sina ila kuna jamaa kwenye video anaibana kwa goti na taulo", mwili ukasisimka. Hilo goti nalijua mkuu. Ni langu.

Mimi niko Leicester. Yangu ni HW95 ya milimita 4.5, niliinunua mkononi mwa mtu pauni 250, na ugonjwa ulikuwa huohuo wa kwako, ukifyatua inalia twaaang kama kitanda cha gesti. Nikaona duka moja mtandaoni linauza springi ya nguvu zaidi, nikampigia muuzaji kabisa, akaniambia kaka hiyo inaingia kwa mkono tu, dakika ishirini umemaliza. Dakika ishirini! Mungu anamuona. Na yule wa video ndo simsamehi kabisa, maana nilikuja kuirudia ile video baadaye nikiwa na hasira zangu, nikaona kati ya pale springi ikiwa nje na pale bunduki ikiwa imeshafungwa kuna sehemu imekatwa, na pembeni ya meza unaona mguu wa kompresa umefunikwa na taulo. Taulo lilelile. Yaani alibana kwa kompresa halafu akatuuzia goti.

Sasa sikiliza, hapa ndo pa muhimu. HW95 kule nyuma imefungwa na kipande cha chuma kinachobeba triga, kinajifunga kwa thredi (yale meno kama ya skrubu) ndani ya silinda. Unatoa skrubu za kitako, unagonga pini mbili triga inatoka (hapo kitufe cha usalama kina kaspringi kadogo, kangu kaliruka kakaingia chini ya friji na mpaka leo kako hukohuko), halafu unaanza kuzungusha kile chuma. Kinakuja taratibu, laini, unajiona fundi. Tatizo thredi zinaisha kabla springi haijaisha. Narudia, thredi zinaisha ila springi bado imebanwa, na hapo hakuna kitu kinachoizuia zaidi ya wewe na taulo lako la kuogea. Yangu iliponitoka mkononi ilipita juu ya goti, ikatoboa mlango wa kabati la jikoni. Mama watoto alikuja akaangalia tundu, akaniangalia mimi, akarudi sebuleni bila kusema neno. Bora angesema.

Na usidhani hiyo ndo ilikuwa gharama yenyewe. Kabati ni kabati tu, nilibandika kalenda. Gharama ilikuwa kwenye kufunga.

Springi ya zamani ilikuwa inachungulia nje ya silinda kama vidole viwili. Mpya ilichungulia vidole vinne. Mtu mwenye akili angesimama hapo akatafakari. Mimi nikamwita shemeji. Tukasimamisha bunduki wima, mdomo chini kwenye zulia, shemeji kashika silinda, mimi nimelalia kile chuma kwa kifua nasukuma chini huku nazungusha, natafuta thredi ya kwanza ishike. Jaribu hiyo kitu halafu uniambie kama utakisukuma kikaenda wima. Hakiendi, kinalala upande, na thredi za silinda ni nyembamba, hazitaki mzaha. Jaribio la kumi na ngapi sijui kikashika. Tulishangilia mkuu, tulipeana mikono! Nikazungusha robo, kizito. Nikasema ni springi mpya hiyo, lazima iwe nzito. Nikapitisha mpini wa nyundo pale kati nikapata nguvu ya kuzungusha zaidi. Kikalia krrr. Nikasema grisi. Grisi gani inalia krrr jamani, ilikuwa chuma inatafuna chuma, nilikuwa nachonga thredi mpya juu ya zile za kiwandani kwa mpini wa nyundo.

Kikagoma nusu, hakiendi mbele hakirudi nyuma. Nikaipeleka kwa fundi wa bunduki, mzee mmoja wa hapa, akamulika tochi ndani akakaa kimya muda mrefu kama daktari mwenye habari mbaya, akauliza swali moja tu, "ulitumia kompresa?" Silinda mpya, kile chuma kipya, sili ya pistoni mpya (hiyo nayo niliichana, kingo za ule mfereji wa silinda ni kali, unapoingiza pistoni zinaikata sili kama wembe, zipitishe msasa laini kwanza), jumlisha na kazi yake, pauni 235. Kwenye bunduki ya 250. Thredi zangu zilikufa ili uzi huu uwe na faida kwako, usinipotezee.

Kinachouma zaidi, ile twaaang haikuwa ugonjwa wa springi! Mzee alinionyesha kile kibomba kinachokaa ndani ya springi kuizuia isipinde, Wazungu wanakiita "guide", ukikitamka ni gaidi, na kwangu kilifanya ugaidi kweli. Kilikuwa kinapwaya. Springi ikiachiwa inatikisika juu yake, ndo ule mlio. Akachonga kingine kinachoingia kwa kubana kidogo, akarudisha springi YA ZAMANI, akaipaka grisi nzito kiduchu, mlio ukafa. Ile ya nguvu zaidi niliyoinunua iko kwenye droo, watoto wanaichezea.

Na hata ingefunga vizuri ingeniletea kesi. Huku England bunduki ya upepo isiyo na kibali mwisho wa nguvu yake ni futi-pauni 12, kama joule 16.3. Ukizidi hapo kisheria una silaha inayotaka cheti, na kusema "sikujua" haisaidii. Hesabu yake: uzito wa peleti (karisasi kake) kwa greni, zidisha kwa kasi ya futi kwa sekunde, zidisha tena kwa kasi hiyohiyo, gawanya kwa 450240. Yangu sasa hivi inarusha greni 8.44 kwa futi 780, hiyo ni 11.4, natulia. Kronografu, kile kipima kasi ya peleti, azima kwenye klabu yoyote ya kulenga shabaha, wanazo.

Grisi uliuliza, ya molybdenum, unapaka kando ya sili na kwenye kingo za mfereji, nyembamba ya kuonekana kama kivuli tu. Mbele ya sili usiweke kitu. Na yale mafuta ya kupuliza ya bawaba uliyosema utayapuliza kwenye kale katundu ka hewa, hapana kabisa, hewa ikibanwa mle inapata moto mkali, mafuta yanawaka kama injini ya dizeli, itapiga kelele na kutoa moshi na itakumalizia sili na springi pamoja.

Ila hayo yote ni madogo. Kompresa, mkuu. Si lazima ununue, ile klampu ndefu ya seremala ya kuungia mbao inatosha, unakata kibao unakitoboa kikae nyuma ya kile chuma, bunduki imelala mezani imebanwa isitembee, unakaza klampu mpaka inabeba mzigo wa springi yenyewe, ndo unazungusha. Wakati wa kufunga, chuma kikishafika kwenye thredi anza kwa kuzungusha KINYUME mpaka usikie kimetumbukia tik, ndo uanze kukaza, kwa vidole tu. Vidole vikishindwa, toa uanze upya. Mpini wa nyundo uache kwenye nyundo.

Hivi uliuliza na peleti na darubini eti, sikumbuki, ntarudi kusoma nikitoka shifti.

Uko Coventry, si mbali. Klampu yangu ninayo na kibao chake kimeshatobolewa. Jumamosi nipo nyumbani kuanzia saa nne, njoo nayo, ila njoo na mlango wa kabati, mweupe, sentimita 40 kwa 70.