Mashine Mpya Ije Mwisho

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Jamii ikichangisha fedha kwa ajili ya hospitali yake, fedha hizo zianze na nini?" Najua wengi watajibu mashine. Ya eksirei, ya ultrasaundi, ya kusafisha damu, kutegemea ugonjwa uliowagusa karibuni. Mimi nimewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya aina hiyo kwa muda mrefu, na jibu langu ni kwamba mashine mpya ije mwisho. Fedha za kwanza zifufue na kutunza vifaa ambavyo hospitali inavyo tayari.

Si ubahili unaonisemesha. Mwaka 2011 watafiti wawili, Perry na Malkin, walichapisha uchambuzi wa orodha za vifaa zaidi ya 112,000 katika hospitali za nchi zenye kipato kidogo. Karibu asilimia 40 ya vifaa hivyo vilikuwa havifanyi kazi. Sababu kubwa walizozitaja ni watumishi kukosa mafunzo, usimamizi mbovu wa vifaa, na miundombinu kama umeme na maji. Sasa fikirini: mahali ambapo mambo hayo matatu hayajaguswa, kamati ya wananchi inaleta mashine nyingine. Itaishia wapi, kama si pale pale zilipo wenzake, kwenye chumba cha nyuma chini ya shuka kuukuu?

Chukueni mashine ya kuzalisha oksijeni, ile ndogo yenye magurudumu inayokaa kando ya kitanda. Inavuta hewa ya kawaida ya chumbani, naitrojeni inanaswa kwenye chembe za madini yaitwayo zeolaiti zilizomo ndani, na mgonjwa anapelekewa hewa yenye oksijeni ya asilimia 90 hivi. Haihitaji mtungi wala gari la kuleta mtungi, ndiyo maana wachangiaji wanaipenda sana. Lakini ina kichujio cha nje kinachotakiwa kuoshwa mara kwa mara, kwa kawaida kila wiki. Kikiziba vumbi, mashine inapata joto, kompresa, yaani pampu ya kusukuma hewa, inachoka. Unyevu ukiingia, zeolaiti inaharibika. Hapo ndipo penye hatari: mashine inaweza kuendelea kunguruma na taa yake ikawaka huku kinachotoka kwenye bomba kikikaribia kuwa hewa tunayovuta sisi sote. Kama haina kihisi cha oksijeni, au kihisi chake kimekufa, muuguzi hawezi kujua kwa macho. Anahitaji kifaa cha kupimia oksijeni inayotoka, na kile cha kubana kidoleni cha kumpimia mgonjwa. Anahitaji pia vichujio vya akiba, na stebilaiza pale ambapo umeme unapanda na kushuka. Jumlisheni bei za vitu hivyo vyote, mtaona ni kipande tu cha bei ya mashine mpya. Na vinaweza kurudisha kazini mashine kadhaa ambazo zilishanunuliwa.

Wasimamizi wa vifaa tiba hukadiria kwamba matengenezo hula kati ya asilimia 5 na 10 ya bei ya kununulia, kila mwaka. Kwa miaka kumi hiyo ni nusu ya bei, au bei nzima tena. Kamati iliyochangisha bei ya kununulia peke yake imeiachia hospitali deni, na hospitali haikuulizwa kama inalitaka.

Kwa nini basi tunarudi kwenye mashine? Kwa sababu mashine inapigwa picha. Hakuna mgeni rasmi atakayekata utepe mbele ya mkataba wa matengenezo. Silaumu watu kwa hilo. Mchangiaji anataka kuona pesa yake imekwenda wapi, na ni haki yake. Dawa ni kumwonyesha. Badala ya kutangaza "tunachangia vipuri", jambo ambalo linamlaza msikilizaji, kamati itangaze vichujio vya mwaka mzima vya wodi ya watoto, au betri za taa ya chumba cha upasuaji, au mafunzo ya fundi mmoja. Kila kimoja kiwe na bei yake na pengo lake, ili mtu mwenye kidogo aweze kusema hiki nimekimaliza mimi.

Kuna ujanja mwingine wa zamani ambao kamati nyingi hazijaujaribu. Mwaka 1751 huko Philadelphia, katika Marekani ya leo iliyokuwa bado koloni la Uingereza, daktari Thomas Bond alitaka hospitali ya kuwatibu maskini, na michango ikawa inasuasua. Rafiki yake Benjamin Franklin, mchapishaji na mwanasiasa, akalipelekea baraza la kutunga sheria pendekezo lenye sharti: wananchi wakifikisha pauni 2,000, baraza nalo litoe pauni 2,000. Wajumbe waliokuwa wakipinga wakakubali, kwa kuwa waliamini fedha hizo hazitapatikana, nao watasifiwa kwa ukarimu usiowagharimu kitu. Franklin akageuka kwa wananchi na kuwaambia kwamba kila mchango sasa utakuwa maradufu. Lengo likapitwa, na Pennsylvania Hospital ipo mpaka leo. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba hakumbuki hila yake ya kisiasa iliyomfurahisha kuliko hiyo. Kamati yoyote inaweza kwenda kwa mfanyabiashara mkubwa au kwa halmashauri na sharti kama hilo. Mkubwa anapenda kutoa wa mwisho, akishaona wadogo wametoa.

Najua kuna wasomaji watakaoandika kwamba hili zima ni kazi ya serikali, kwamba tukichangia tunaipa nafasi ya kukunja mikono. Wana hoja, na haipaswi kupuuzwa. Uingereza kabla ya 1948 ilikuwa na hospitali nyingi zilizoishi kwa michango. Mwaka 1873 London ilianzisha mfuko wa Jumapili maalumu ya kukusanya sadaka za hospitali makanisani. Tatizo la mfumo huo ni kwamba hospitali zilishamiri walipo wenye uwezo wa kutoa, na wagonjwa hawakai huko tu. Ndiyo moja ya sababu zilizoleta huduma ya afya ya taifa, NHS, Julai 1948. Hata hivyo michango haikufa. Mwaka 2020 mzee Tom Moore, akikaribia miaka 100, alizunguka bustani yake na mkongojo wa magurudumu akilenga kupata pauni 1,000 kwa ajili ya mashirika ya hisani yanayosaidia NHS. Zilipatikana zaidi ya milioni 30. Mashirika hayo hayalipi mishahara ya madaktari. Yanagharimia vya ziada, kama vyumba vya mapumziko na ushauri nasaha kwa watumishi waliochoka.

Mstari wangu mimi ni huu: wananchi wasilipe mishahara, wala dawa za kila siku. Ukianza kulipa mshahara wa muuguzi kwa mchango, siku mchango ukikauka muuguzi anaondoka na wodi inafungwa, na aliyekuwa na wajibu wa kumlipa ameshasahau kwamba alikuwa nao. Kufufua kifaa, kufundisha fundi, kuweka stebilaiza, hayo yana mwanzo na mwisho. Na kamati iandike barua kwa wenye bajeti, ikieleza imefanya nini na nini kimebaki juu yao. Barua hizo huwa haziwafurahishi, lakini huwekwa kwenye faili.

Kuhusu hesabu nitasema kwa ufupi. Kwenye kila hafla atasimama mtu aseme haba na haba hujaza kibaba, na sote tutapiga makofi. Kibaba cha kamati nyingi kimetoboka chini, na tundu lake ni ahadi. Mtu anaahidi mbele ya kipaza sauti, mshereheshaji anajumlisha, jumla inatangazwa, na nusu ya hizo hazifiki. Msitangaze ahadi kama fedha. Tangazeni kilichoingia benki, akaunti iwe ya peke yake, na isitoke hata senti bila saini za watu ambao si ndugu.

Mwisho kuna jambo ambalo kamati hulichukia: hospitali iwe na haki ya kukataa msaada. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, inasema wazi kwamba dawa zilizokwisha kutolewa kwa wagonjwa kisha zikarudishwa zisitolewe msaada, na kwamba dawa inayofika iwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake. Kitu kisichofaa kwetu hakimfai na mpokeaji. Basi kabla ya kuchapisha kadi hata moja ya mchango, nendeni karakana ya hospitali mkamwone fundi wa vifaa tiba, pamoja na muuguzi mkuu wa kila wodi. Waulizeni nini kimeharibika, kimeharibika tangu lini, na kinakosa nini. Fundi akisema hataki mashine mnayoitaka ninyi, muulizeni sababu na mwandike anachosema. Orodha hiyo ndiyo iende kwenye kadi.