Tarso ni ya mguu au ya jicho?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ameugua vikope tangu utotoni, na sasa kope zinamchoma jicho. Kwenye karatasi ya rufaa wameandika "upasuaji wa kugeuza tarso". Shuleni nilisoma kuwa tarso ni mifupa ya mguu. Je, wamekosea? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba. Hawajakosea, na tafadhali mama asikose tarehe aliyopangiwa.

Kwa Wagiriki wa kale, tarsos ilikuwa chanja iliyosukwa, ya kukaushia vitu. Jina likahamia kwenye vitu bapa, ukiwemo wayo. Mguuni, tarso ni mifupa 7 ya sehemu ya nyuma ya wayo, kisigino kikiwemo. Hata ile kona ya mguu wa nyuma wa ng'ombe ambayo wengi huiita goti ni tarso. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo.

Sasa bana taratibu kigubiko cha juu cha jicho lako. Utahisi ugumu kidogo, kama gegedu, ingawa si gegedu. Hilo ni bamba la nyuzinyuzi ngumu linalokipa kigubiko umbo, nalo pia ni tarso. Ndani yake mna tezi zinazotoa mafuta ya kuzuia machozi yasikauke upesi. Vikope vikimrudia mtu mara kwa mara, upande wa ndani wa kigubiko hujaa makovu. Kovu hujikunja, bamba likapinda, ukingo ukavutwa ndani. Kila mama anapopepesa, kope zinakwaruza konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Upofu wa vikope huanzia hapo.

Kung'oa kope kwa kibano hutuliza kwa muda tu, maana huota tena. Katika upasuaji, mama atachomwa ganzi, kigubiko kitakatwa takribani milimita 3 juu ya ukingo, kisha ukingo utageuzwa utazame nje na kushonwa. Hautarudisha uoni uliokwisha kupotea; utalinda uliobaki. Kope huweza kugeuka tena baadaye, kwa hiyo mrudisheni kliniki kila anapoitwa.

Nzi anayeeneza vikope naye ana tarso: ncha ya mguu wake, yenye pingili 5 na vinyweleo vinavyoonja anachokikanyaga. Anafuata matongo na kamasi kwenye nyuso za watoto. Kama kuna wajukuu wanaolala na bibi yao, waosheni nyuso kila siku, na wapelekeni nao wakapimwe macho.