Jibu: Kutoka LPN hadi shahada ya kwanza ya uuguzi

Ndugu, umeuliza iwapo wewe, ukiwa LPN (muuguzi wa vitendo mwenye leseni, ngazi iliyo chini ya muuguzi aliyesajiliwa) nchini Marekani, uingie moja kwa moja kwenye shahada ya kwanza ya uuguzi au upitie kwanza shahada ndogo ya miaka miwili katika chuo cha jumuiya. Njia zote mbili zinakubalika. Ya pili hukuwezesha kufanya mapema NCLEX-RN, yaani mtihani wa leseni ya muuguzi aliyesajiliwa, kuanza kulipwa kama muuguzi aliyesajiliwa, kisha kumalizia shahada ukiwa kazini, mara nyingi kwa masomo ya mtandaoni. Kwa mwenye familia inayomtegemea, mimi ningechagua hiyo. Ila usiache kumalizia shahada ya kwanza: New York, kwa mfano, ilipitisha mwaka 2017 sheria inayowataka wauguzi wapya waliosajiliwa kupata shahada ya kwanza ndani ya miaka 10.

Kabla ya kulipa ada yoyote, hakikisha kwamba programu imeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo lako na kwamba ina ithibati ya CCNE au ACEN, mashirika yanayothibitisha ubora wa programu za uuguzi, kwa sababu shahada isiyo na ithibati inaweza kukufungia mlango wa masomo ya uzamili. Omba pia tathmini ya maandishi ya masomo yako ya awali, hasa anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia, kwani vyuo vingi hukataa masomo ya sayansi yaliyosomwa zamani. Mafunzo ya vitendo hospitalini hayakwepeki, hata tangazo liseme kila kitu ni mtandaoni.