Alama ya mwito kama jina la mtandaoni

Ndugu, umeuliza kama alama ya mwito (herufi na tarakimu zinazokutambulisha hewani) uliyopewa Marekani kwa redio ya ridhaa, ile ya kurusha mawasiliano kwa kujifurahisha bila biashara, inafaa kuwa jina lako kila mahali mtandaoni. Kama jina tu, inashinda haya tunayojibunia: ni fupi, hakuna mwingine duniani mwenye hiyo kwa sasa, na mtu wa redio akiona inaanza na W au K anajua ni ya Marekani, sawa na 5H ya Tanzania au 5Z ya Kenya.

Shida iko kwenye leseni. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, inaweka leseni hizo kwenye hifadhidata iliyo wazi kwa umma. Mtu akiandika herufi zako chache anapata jina lako kamili na anwani uliyojaza. Kwa hiyo ukibishana siasa usiku kwa jina hilo, ni kama umebandika anwani ya nyumbani mgongoni. Unaruhusiwa kujaza sanduku la posta, na fanya hivyo mapema, maana tovuti nyingine hunakili kumbukumbu hizo na nakala hazifutiki kirahisi.

Halafu leseni ni ya miaka 10. Ikiisha, na miaka 2 ya ziada unayopewa kuihuisha ikapita, alama inaweza kupewa mtu mwingine, na akaunti zako bado zinaitumia!

Mimi ningeitumia kwenye mambo ya redio tu, mfano QRZ.com, tovuti ya watu wa redio ya ridhaa. Kwingine tafuta jina jingine lisilohusiana nayo.