Kula kabla filimbi haijalia

Usiku wa tarehe 7 Mei 2019, Liverpool walipoifunga Barcelona 4-0 pale Anfield, nilikuwa kwenye kibanda umiza, yaani banda la kutazamia mpira, cha mtaani kwetu Mbagala. Mechi ilianza saa nne usiku. Mpaka leo naiona ile kona ya Trent Alexander-Arnold, mabeki bado wanajipanga, mpira huo umeshamfikia Origi. Nisichokikumbuka ni chakula. Niliagiza chipsi mayai na mishikaki minne, nikapokea sahani macho yakiwa kwenye skrini. Mechi ilipokwisha, mapajani nilikuwa na sahani ya pili, nayo tupu, ambayo sijui niliiagiza dakika ya ngapi. Chini ya benchi kulikuwa na chupa mbili za soda, zote zangu.

Miaka miwili baadaye nesi alinipima presha, akapumzika kidogo, akanipima tena: 150 kwa 95, iko juu. Nilikuwa na miaka 38. Daktari aliponiuliza habari za chumvi nilimjibu kwamba kwetu mke wangu hapiki chakula cha chumvi nyingi, na ni kweli. Chakula cha mechi sikukihesabu kabisa. Kumbe nilikuwa nakila Jumamosi, Jumapili, na katikati ya wiki Ligi ya Mabingwa ikichezwa.

Ndugu yangu unayependa mpira kama mimi, wakati wa mechi mtu hali kwa sababu ya njaa. Mkono unafuata moyo. Timu ikiwa nyuma kwa goli moja, mkono unaenda mbio zaidi. Na tumbo linahitaji kama dakika 20 hivi mpaka lijulishe kichwa kwamba limeshiba. Ndani ya muda huo sahani nzima inakuwa imeshapita.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kula kabla ya kutoka nyumbani. Mechi nyingi za Uingereza za Jumamosi huanza kwetu saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni, kutegemea majira yao, yaani kabla ya chakula cha usiku. Ndiyo maana watu hufika kibandani na njaa. Siku hizo kwetu tunakula mapema: ugali wa kiasi, dagaa, na matembele mengi. Mechi za saa tano usiku ni ngumu zaidi, maana ulikula saa mbili na harufu ya kikaango iko mlangoni. Hizo nimejiwekea mpaka: chipsi hapana, liwe goli lisiwe goli.

Kama ni lazima nile kitu, nasubiri mapumziko. Zile dakika 15 natoka nje, nasimama, nakula nikikitazama chakula chenyewe. Utashangaa jinsi kinavyotosha.

Na ukitaka cha kutafuna mpira ukiendelea, chukua karanga za maganda. Nanunua mbichi sokoni, nazikaanga nyumbani kwa moto mdogo bila chumvi. Lazima upasue ganda, utoe punje mbili, utupe ganda, ndipo ushike nyingine. Karanga zilizomenywa unazimimina kiganjani na zinakwisha kabla ya kona kupigwa. Tena maganda yanabaki pale miguuni, unaona mwenyewe umekula kiasi gani. Mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na pilipili pia ni mazuri.

Muuza chipsi usimwogope. Chumvi anaweka akishaepua, anaweka kwenye mayai, na wengine wanarashia tena wakati wa kukupakulia, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima, kama kijiko kimoja cha chai. Mwambie, “Kaka, chumvi usiweke, na kachumbari niongezee.” Wangu sasa hata simwambii.

Soda niliiacha kwa shida. Soda nyingi za kola zina sukari kama gramu 10 katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 ni karibu vijiko tisa vya chai. Sasa nabeba chupa ya maji. Siku ya Simba na Yanga, wageni wakija nyumbani, tunakata tikiti maji mapema na kuliweka kwenye sinia katikati. Watoto hulimaliza kabla timu hazijaingia uwanjani, kwa hiyo kata mawili.

Mara ya mwisho kupimwa nilikuwa 128 kwa 82. Dawa bado nameza kila asubuhi, kwa sababu daktari hajaniruhusu kuacha.